Mama Niliyemuzaa

Kwako Ngalula, mama yangu uliyetoka mu tumbo yangu mwenyewe,

Uko kwa Yaya Chanda unasukwa. Kutoka hapa ku meza nasikia huyo dada jirani yetu anakugombeza juu unatikisa kichwa, na nasikia unacheka. Jua lingali juu ya mabati. Nimesema niandike sasa, mbele urudi, juu kesho asubuhi kamio, ile lori ya masela watawa, itakuja kukuchukua kwenda Lukafu, na mimi najijua. Kesho mudomo wangu utasema sabuni, utasema blanketi, utasema usisahau kusali, na yale niliyotaka kusema yatabaki mu koo.

Sabuni iko mu valizi. Blanketi iko. Basi hayo yameisha.

Mimi nilisoma miaka mitatu tu kwa masela, na balinifundisha kushona zaidi ya kuandika. Utaona Kiswahili cha masela kinatembea na cha nyumbani ku mustari mumoja, kama bantu wawili wanaotoka misa. Sahihisha polepole, weye uliyemaliza mwaka wa sita, na usicheke sana mbele ya wenzako.

Hapa mbele yangu kuna fishi, ile karatasi ya shule yako mupya. Jina la baba, nimejaza. Kazi ya baba, treni. Jina la mama, Véronique, nimejaza. Siku ya ubatizo, nimejaza. Mustari wa juu kabisa, penye jina lako wewe, uko tupu. Masela aliyenipa hii fishi aliniangalia, akasema: "Mama, fikiri vizuri. Jina litakaloingia humu njo litaandikwa ku buku zote mpaka ku diploma. Halitafutwa." Nimeikalia siku ine. Asubuhi nilishika kalamu, nikaiweka. Nikapika bukari, nikashika tena kalamu, nikaiweka. Majina yako mbili na mustari ni mumoja, na aliyekufikisha hapo ni mimi.

Unajua ulivyopata jina la kwanza, lakini unalijua vile baba yako anavyosimulia, na baba yako akisimulia anajifanya mushujaa. Ngoja nikuambie vile ilikuwa.

Alipokuja kuniomba, nkambo yako alikatala. Mama yangu alitoka Kasai na bwana yake aliyefuata kazi ya mugodi, akabaki mujane mapema, akakaanga mikate ku kona ya soko mpaka tukakua. Hakuna muntu alimusukuma yule mama. Akamuangalia baba yako, kijana wa Kongolo, hukuhuku Katanga, miguu mirefu, kofia ya treni chini ya kwapa, akamuuliza:

"Weye unajua nini?"

"Mama, najua kutengeneza breki ya wagoni."

"Na binti yangu iko wagoni?"

Wateja balicheka mpaka mikate ikaanguka. Akarudi mara ya pili, akakataliwa. Mara ya tatu akapiga magoti mu mavumbi, mbele ya wateja walewale, akasema: "Mama, ukinipa Véronique, mutoto mwanamuke wa kwanza ataitwa Ngalula, jina lako. Nitakuwa na buko wawili, mumoja wa kukaanga mikate na mumoja wa kunyonya." Mama yangu akageuza mukate mu mafuta. Akaugeuza tena, na ulikuwa umeiva zamani. Kisha akasema, "Buko wawili, utaweza?"

Wasichana wa Lukafu watakuuliza buko ni nini, juu kila kabila lina namna yake. Waambie ni mama-mukwe. Waambie mwanaume wa kwetu hamuangalii buko ku macho, hale naye ku sahani moja, akimukuta mu njia anamupisha, na akimukosea anabeba kuku. Na mutoto akipewa jina la muntu, kwetu hatusemi anafanana na yule muntu. Tunasema ni yeye. Kwa hiyo mimi nikimuzaa Ngalula, nimezaa mama yangu, na baba yako amezaliwa mama-mukwe mu nyumba yake mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Ulizaliwa asubuhi, na mvua. Siku ya tatu baba yako alitoka kazini, akafika ku mulango wa chumba, akakohoa.

Nikasema, "Ingia."

Akakohoa tena. "Uliza mbele kama buko amevaa."

Ulikuwa umelala tumbo wazi, ngumi mu mudomo. Nilicheka mpaka nikaumia mahali pa kuumia. Yaya Chanda, aliyekuwa ku dirisha na maji ya moto, akaita jirani wote: "Mukuye muone, bwana iko anaogopa mutoto ya siku tatu." Baba yako hakuwajali. Nikakufunika, akaingia kwa upande kama kaa, macho ku ukuta, akaweka kuku wa kwanza ku miguu ya kitanda, akasema, "Buko, karibu kwetu." Ukapiga chafya. Mpaka leo anasema ulimujibu.

Njo vile ulikua. Watoto wengine mu ile parcelle yetu ya nyumba nyingi balipigwa, weye hapana, nani atapiga buko yake? Mimi nilikuita mama. Asubuhi nilikusalimia wa kwanza, "Mama, umeamka?" na weye, na kichwa kidogo chenye manyoya ya blanketi, ulijibu, "Nimeamka, mwanangu. Weye je?" Ulikuwa na miaka mine. Bantu balipita mu njia juu ya kukusikia tu. Baba yako akirudi kazini alisimamisha kinga yake, ile baiskeli nyeusi, mbali kidogo na mulango, na akikukuta umekaa mu njia anachukua njia ya mbuyo, kule nyuma ya choo, ili asikupite. Weye ukajua. Siku moja ulihamisha kiti chako mara tano ili kuona kama atazunguka mara tano. Alizunguka.

Na nilipenda, nikuambie ukweli. Mimi mwenyewe nilipewa jina la shangazi mumoja aliyekufa mbele niote meno. Hakuna aliyebaki wa kuniita mama juu yake. Nilikuwa Véronique wa kuchota maji, Véronique wa kuosha masufuria. Nilipoona bantu wanakusalimia weye na heshima ya mama yangu, niliona kama ile heshima inanirudia mimi kwa nyuma. Mutoto anapojua kama kuna muntu mukubwa ndani yake, anatembea vingine. Uliwaona watoto wawili wanapigana juu ya kipande cha muwa, ulienda katikati, mikono ku kiuno, ukasema, "Nani alianza? Hapana sema uongo, mi niko mukubwa." Ulikuwa unafika ku magoti yangu. Wakakuambia ukweli.

Lakini ulikatala pia kuosha sahani. "Buko haoshe sahani ya bwana ya binti yake." Miaka sita, na sheria kama tribunali. Badala ya kukushika mukono na kukuonyesha sahani, nilicheka na nikaosha mwenyewe. Hilo ni kosa langu la kwanza na ni dogo, kule Lukafu masela watalimaliza mu wiki moja. Nalisema juu lilizaa lingine. Nilifikiri mimi njo mwenye hili jina, niliweke na niliondoe ninavyotaka, kama kitambaa cha kichwa.

Kisha ikaja hii vita, bendera mupya yenye misalaba ya shaba, na bantu wakaanza kuulizana mu njia, weye ni wa wapi. Uliona mwenyewe. Majirani wa Kasai walifunga vitu ku vichwa, wakaenda ku kambi nje ya muji, kwenye mahema, penye kulindwa na baaskari wa kofia za buluu. Nkambo yako alikaa siku chache na karai yake ya mafuta, kisha naye akaenda. Sisi tulibaki, juu baba yako ni wa Katanga na ana kazi. Lakini mu nyumba yetu mulikuwa muntu aliyeitwa Ngalula, na kwa muntu yeyote mwenye masikio hilo jina linatoka Kasai moja kwa moja, bila kusimama ku gare ya treni.

Nilimuambia baba yako tukupe jina la mama yake. Akashituka. "Nimufiche buko mu tumbo ya mama yangu? Bankambo wawili mu kichwa kimoja, si watapigana?" Njo Yaya Chanda akasema, akimenya karanga, bila kuinua macho: "Mumupe langu. Mi si nkambo ya muntu. Jina yangu iko inakaa bure."

Ukawa Chanda.

Unakumbuka vile tulijifunza? Mi nakaa hapa ku meza, na bakuli la karanga, weye unasimama pale.

"Unaitwa nani?"

"Nga—"

"Hakuna karanga. Unaitwa nani?"

"Chanda."

"Mama yako?"

"Mama Chanda."

"Nkambo yako?"

Hapo ulikuwa unaniangalia, na unacheka, juu nkambo yako njo weye. Tulicheka sana mu ile michezo. Baba yako alikataa kucheza. Alikaa nje anapaka mafuta mnyororo wa kinga, na mnyororo haukuwa mukavu.

Sasa nafika pale penye kuuma. Ku robine, ile bomba ya maji. Bantu walikuwa wengi, maji kidogo. Mama mumoja tusiyemujua alikuwa na mutoto mugongoni, na weye, bila kuambiwa, ulimuachia nafasi yako ku mustari. Akageuka, akakuuliza jina. Alitaka kukushukuru tu, kukushukuru kwa jina. Na weye ulikuwa umefanya kitu cha ukubwa, ulisikia ukubwa wako mu mwili, ukajibu kama muntu mukubwa: "Mi naitwa Ngalula."

Nilikupiga kofi mbele ya robine nzima. Nikasema kwa sauti, "Huyu mutoto ni muongo. Anaitwa Chanda."

Haukulia. Uliokota ndoo yako. Na mu njia ya kurudi ulitembea nyuma yangu, si mbele. Miaka kumi na moja ulitembea mbele yangu. Mpaka leo nikichota maji nasikia ile miguu nyuma.

Niliogopa, ni kweli. Labda ningekuwa na woga uleule leo ningefanya vilevile, siwezi kuapa. Lakini ningekufunga mudomo na mukono, ningesema tuna haraka. Kofi halikuwa la woga peke yake. Kulikuwa pia hasira ya muntu mudogo, Véronique wa masufuria, anayeona mutoto anasema jina lake bila kutetemeka.

Baba yako alisikia habari kwa wengine mbele ya kusikia kwangu. Hakula. Asubuhi yake akapanda kinga, na wakati ule baraji za baaskari zilikuwa ku kila njia kubwa, na mu muji muzima kuku alikuwa adimu kama askofu. Alienda mpaka Bel-Air, kwa rafiki yake wa kazi aliyekuwa anafuga. Jioni hakurudi upesi, mi nikaanza kusali watakatifu wote ninaowajua na wengine niliowatunga. Jua linaingia, tukamuona, kinga mukononi, koti limefungwa mpaka shingo, na koti linalia.

Ile safari unaipenda, uniombe nisiandike sitakubali. Ku baraji ya pili askari alimusimamisha.

"Fungua koti. Iko nini ndani?"

"Kuku, chef."

"Kuku ya nani?"

"Ya buko yangu. Bibi yangu alimukosea."

Askari akamuangalia. "Bibi yako alikosea, na weye njo unapita mu masasi na kuku?"

"Buko yangu ni mama yake. Alimupiga kofi."

"Alipiga mama yake kofi?" Askari akaita wenzake. "Mukuye musikie. Na buko yako iko na miaka ngapi?"

Baba yako hajui kusema uongo, njo shida yake ya maisha. "Iko na miaka kumi na moja."

Kisha yule mukubwa wao, muntu munene mwenye bunduki ku bega, akasema polepole, "Majina," yaani ni mutoto mwenye jina la buko. Akafunga koti ya baba yako mwenyewe, kifungo kwa kifungo, akasema: "Pita. Pita upesi. Mi pia niko na buko ya miaka mitatu ku nyumba, na huyo ananitesa kupita mukubwa."

Njo vile kuku alipita.

Baba yako aliniamuru nipige magoti. Hajaniamuru kitu mbele, hajaniamuru kitu nyuma. Nikapiga magoti hapa penye meza, miaka ishirini na saba, nikainua kuku na mikono miwili mbele ya mutoto niliyemunyonyesha, nikasema, "Mama, nilikukosea." Yaya Chanda alikuwa ku mulango. Ulinichukulia kuku. Ulimuweka chini ya kwapa kama mufanyabiashara. Ukasema, "Simama, mwanangu, simenti ni baridi," na mimi nikasimama na machozi na kicheko. Kisha ukasema kuku haliwi. Baba yako, aliyekuwa ameota mchuzi kutoka Bel-Air, akafunga macho. Ukamupa jina Baraji, juu alipita baraji mbili. Sasa iko chini ya meza, Baraji, inachokora mguu wangu. Imetaga jana. Ile yai umekula asubuhi hii bila kujua nitakuandikia.

Basi nilifikiri yameisha. Hayakuwa yameisha, juu siku tulienda kumuona nkambo yako ku kambi, ku muingilio askari alikuuliza jina, na weye, mwanafunzi muzuri wa mama mubaya, ukajibu mara moja: "Chanda." Na nkambo yako alikuwa amesimama pale pale nyuma ya kamba. Alisikia.

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye akakusalimia na heshima, kama mugeni.

"Mama Chanda, habari ya nyumbani?"

"Muzuri, nkambo."

"Mi niko natafuta majina yangu, anaitwa Ngalula. Haukumuona mu njia?"

Ulifikiri. Naukumbuka ule uso. Ukasema: "Iko. Iko analala tu. Vita ikiisha, ataamuka."

Mama yangu akakuvuta juu ya kamba, akakushika kichwa na mikono yake yenye alama za mafuta. "Basi mumwambie asilale sana," akasema. "Atavimba macho." Kicheko chake kilifika mpaka mahema ya mwisho. Nilikuwa nimebeba hotuba nzima ya kumuomba musamaha, nikarudi nayo nyumbani, haikuhitajika.

Na treni ilipomupeleka Kasai na wenzake, unajua nilifanya nini usiku ule. Niliweka kichwa ku mapaja yako, nikasema, "Mama, usiniache." Ulinipigapiga mugongo, ukasema, "Nyamaza, mwanangu, niko." Vizuri sana, kama yeye mwenyewe. Nililala pale, nikafurahi. Kisha nikafungua macho, nikaona miguu yako haifiki chini ya kitanda. Nikaogopa. Nani alikuwa anakupigapiga weye? Aliyekuwa ameondoka alikuwa nkambo yako pia, na haukupata mahali pa kulia, juu mahali pa kulia nilikuwa nimepachukua mimi.

Hilo njo nilitaka kusema kupita yote. Nilikupa ukubwa, ni muzuri, umekufanya unyooke. Siujutii. Lakini niliuegemea pia. Jina la mama yangu nililiweka ku kichwa chako kama ndoo, na siku nyingine nilipanda ndani ya ndoo mwenyewe.

Kule Lukafu hakuna anayekujua kuwa mama ya muntu. Kuna mashamba, kuna wasichana wa kila kabila, watakuuliza weye ni wa wapi na utawajibu unavyotaka. Ruka kamba. Lia ukikosa hesabu. Osha sahani na ukatae kuosha sahani na upewe adhabu na wengine, mucheke pamoja mu ile punition. Uwe mutoto wa miaka kumi na tatu mpaka uchoke. Ukubwa wako hautaenda, umeshaingia mu mifupa, mi niliuona ku robine na ninajua.

Jana nilienda kwa Yaya Chanda kumurudishia jina lake. Niliona njo heshima. Vita imetulia, baraji zimepungua, nikavaa kitambaa kizuri, nikakaa, nikasema, "Yaya, naleta jina lako. Asante. Lilituokoa."

Hakuacha kupepeta mahindi. "Umelifua?"

"Yaya, mi nasema kweli."

"Na mi nauliza kweli. Umelifua, umelipasi? Nguo mutoto amevaa karibu miaka miwili unaniletea mi, na hiki kiuno, itaingia?" Akapepeta. Kisha akapunguza sauti. "Véro, ku soko bananiita Mama ya Chanda. Banafikiri mutoto ni wangu. Mi sijabasahihisha. Unataka kuninyanganya?"

Miaka yote ile tumekaa ukuta kwa ukuta na sikujua. Nilikuwa nafikiri lile jina ni tundu la kujificha. Kwake lilikuwa mutoto. Njo maana alikufundisha kupika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, na salamu za Kibemba, na anakusuka kila jumamosi bila kuombwa, na leo ameanza tangu saa sita na bado anasuka, juu akimaliza utatoka.

Nikamuuliza, "Sasa niandike nini ku karatasi?"

"Unaniuliza mi, juu kichwa ni yangu? Uliza mwenye kichwa."

Baba yako nilimuuliza pia. Alikohoa, akasema hana ruhusa ya kusema juu ya jina la buko, akaenda kumupa Baraji mahindi.

Basi sitaandika. Nimefanya hivyo mara moja bila kukuuliza, na mara moja inanitosha. Fishi naikunja ndani ya mukanda huu, hii barua, na kipande cha kalamu nimekichonga na kisu cha baba yako, kinaandika kizito na haraka. Kesho mu kamio, mbele mufike, utaandika weye. Andika Ngalula, na mama yangu ataamuka Lukafu, atanyoosha mikono. Andika Chanda, na mwanamuke mumoja hapa atapika munkoyo kwa parcelle nzima. Andika yote mbili kama mustari ni murefu. Hakuna jina nitakalolilia, na hakuna kuku atakayehitajika. Nitajua ulichoandika siku utakaponiandikia mukanda wa kwanza, ku mwisho, penye kusaini. Nitaanza kuusoma kutoka mwisho.

Kelele ya viti kwa Yaya Chanda. Amemaliza. Nasikia anakuambia ujiangalie mu kioo, na weye unasema zinabana, na yeye anasema uzuri unabana. Sasa miguu yako ku changarawe. Baba yako, aliyekuwa amekaa mu njia anapaka mafuta ule mnyororo usiokauka miaka miwili, ameinuka, amezunguka mbuyo wa choo akupishe.

Umegonga mulango. Mutoto wa nyumba, unagonga leo kama mugeni, unajizoesha.

Nimeuliza bila kufikiri, vile ninauliza kila muntu, "Nani?"

Umesema, "Ni miye."

Nakuja kufungua.

Mama yako, binti yako,
Véronique